Chirwa, 'mama friji' na sahani ya mtoto: Historia fupi ya lawama

KATIKA mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, mtoto akikonda, akichelewa kutembea au akikataa kutazamana na watu, ugonjwa wake huwa umeshapewa jina kabla hajafikishwa zahanati. Bibi wa Kidigo au wa Kigiriama atasema ni chirwa. Jirani aliyetokea upande wa Tanga atasema mtoto kabemendwa. Mpangaji kutoka Nyanza atataja chira. Mwalimu wa chekechea atasema huenda ni usonji, au otizimu kama wengine wanavyoiita. Na siku hizi ameongezeka wa tano, mwenye simu mkononi: eti ni chakula, mama mtu alimlisha vibaya tangu uchanga.

Hayo ni majina matano, na kila moja lina historia yake. Hebu tuyafuate moja baada ya jingine, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo wataalamu wanalichunguza hadi leo: je, chakula cha mtoto katika miaka yake ya mwanzo kinaweza kumletea tabia za kiusonji baadaye? Na kuna swali la pili ambalo ni letu sisi watu wa lugha: mbona jibu, liwe lipi, humwangukia mama?

Sarufi ya lawama

Tuanze na chirwa. Kwa Wamijikenda, hili ni jina la hali ya mtoto kudhoofika, kukonda na kutokua, na chanzo chake husemwa kuwa ni wazazi kuvunja mwiko, hasa mmoja wao kutoka nje ya ndoa wakati mama ni mjamzito au ananyonyesha. Kubemenda, kwa Waswahili wa Tanzania, kunakaribiana sana na hapo: wazazi wamekutana kimwili au wamezini kabla mtoto hajalikizwa, na mtoto ndiye anayelipa. Kwa Waluo, chira ni maradhi ya kudhoofika yanayomfuata aliyevunja miiko au jamaa yake. Sidai kwamba chirwa na chira ni neno moja. Ninachosema ni kwamba watu wa lugha hizi wanapokutana kwenye ploti moja ya kupanga kule Changamwe, hawahitaji mkalimani kuelewana kwamba mtoto huyu ameharibiwa na mtu.

Sasa tazama umbo la kitenzi. Mtoto amebemendwa. Mtoto amechezewa. Mtoto amerogwa. Zote ni kauli za kutendwa, na kauli ya kutendwa katika Kiswahili huacha nafasi wazi mwishoni: amebemendwa na nani? Lazima mtenda apatikane. Mwili wa mtoto unageuka kuwa ushahidi mahakamani, na mshtakiwa wa kwanza ni yule aliye karibu zaidi, yaani mama aliyempakata.

Tusiwadharau wazee wetu lakini. Ndani ya mwiko huo mlikuwa na busara ya lishe. Mama akishika mimba nyingine upesi, mtoto wa kwanza huondolewa ziwani kabla ya wakati na kutiwa kwenye uji mtupu. Watu wa pwani walizoea kunyonyesha muda mrefu, na Waislamu miongoni mwao wana miaka miwili kamili iliyotajwa katika Kurani. Mwiko ulilinda ziwa la mtoto.

Hilohilo ndilo alilokuja kuligundua daktari Cicely Williams katika Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka 1933 alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya ngozi na nywele, na mwaka 1935 akauita kwa jina la wenyeji Waga, kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Sisi tunauita unyafuzi. Williams alifanya jambo ambalo madaktari wengi wa kikoloni hawakulifanya: aliwauliza akina mama wenyewe ugonjwa unaitwaje, kisha akaliamini jibu lao. Jina la Waga lilitaja mpangilio wa matukio. Halikumtaja mkosaji.

Kumbe Marekani nako

Msomaji anaweza kudhani kwamba kumlaumu mzazi ni mambo ya kijijini. La hasha.

Neno autism lilibuniwa na Eugen Bleuler, daktari wa akili wa Uswisi, mnamo miaka ya 1910 na 1911, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi. Alilitumia kwa wagonjwa wazima waliojifungia ndani ya nafsi zao. Mwaka 1943, Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 waliopenda upweke, waliotaka kila kitu kibaki vilevile, na waliotumia lugha kwa namna isiyo ya kawaida. Katika makala hiyohiyo kuna jambo ambalo watu hulisahau: Kanner aliandika kwamba kadhaa kati ya watoto hao walisumbua sana katika kula tangu uchanga wao. Kwa hiyo chakula kilikuwa ndani ya hadithi ya usonji tangu ukurasa wa kwanza.

Lakini kilichoshika masikioni mwa watu hakikuwa chakula. Kanner alitaja pia kwamba wazazi wengi wa watoto hao walikuwa wasomi wasiochangamka, na mwaka 1949 akawafananisha na friji isiyoyeyusha barafu. Basi, mama friji akazaliwa. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alichapisha kitabu, The Empty Fortress, akishikilia kwamba mtoto hujifungia kwa sababu amehisi hatakiwi na wazazi wake. Kwa miaka mingi, mama wa Chicago aliyempeleka mwanawe kwa daktari alirudi nyumbani na mzigo uleule anaorudi nao mama wa Mtongwe aliyekwenda kwa mganga: wewe ndiwe uliyemharibu.

Lawama hiyo ilivunjwa na wazazi na takwimu. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 akionyesha kwamba hali hii ni ya kimwili, ya ubongo. Kanner mwenyewe, mwaka 1969, alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawaondolea hatia. Na mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter wa London walichunguza jozi 21 za mapacha. Walikuta kwamba pacha wa kufanana kabisa walishirikiana hali hiyo mara nyingi kuliko pacha wa kawaida. Urithi ukaingia mlangoni, na tafiti zilizofuata zimezidi kuuthibitisha.

Pwani yetu katika vitabu vya usonji

Afrika iliingia katika habari hizi kwa kuchelewa. Miaka ya 1970, Victor Lotter alizuru taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili katika miji ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Kati ya watoto zaidi ya 1300, aliwakuta wachache sana wenye usonji. Wapo waliofurahia matokeo hayo, wakasema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Walisahau kuuliza ni watoto gani walibahatika kufika kwenye taasisi hizo.

Hapa bara ya Mombasa jibu liko wazi. Likoni ina shule yake ya wasioona. Port Reitz ina shule ya wenye ulemavu wa viungo. Hizo ni shule zenye heshima kubwa, lakini mtoto mwenye usonji anaona vizuri na anatembea vizuri, na mara nyingine hutembea kupita kiasi. Hakuwa na mlango wa kubisha. Alibaki nyumbani, akaitwa zuzu, bubu au mwenye pepo. Hata Nairobi ilikuwa hadi mwaka 2003 ndipo wazazi walipounda Chama cha Usonji cha Kenya na darasa maalumu likafunguliwa katika Shule ya Msingi ya City.

Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa kutoka Tanzania kuhusu watoto 20. Kati yao, 14 walitimiza vigezo vya usonji, na 3 walikuwa wakikua sawasawa hadi walipougua malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege. Mpwani atakumbuka mara moja neno nyuni. Wazee waliosema kwamba mtoto alibadilika baada ya nyuni hawakuwa wakiota ndoto, ijapokuwa ndege waliyemlaumu hakuwa ndiye. Mkosaji alikuwa mbu.

Kisha watafiti wa Kilifi, Joseph Gona, Charles Newton, Amina Abubakar na wenzao, waliwaendea watu wenyewe. Kati ya Julai 2012 na Februari 2013 walizungumza na watu 103 katika kaunti za Kilifi na Mombasa: wazazi, walimu, matabibu na wahudumu wa jamii. Waliuliza usonji unasababishwa na nini. Majibu yalikuja kwa makundi mawili. Kundi moja lilitaja pepo, uchawi na laana. Kundi la pili lilitaja maambukizi, dawa za kulevya, matatizo ya uzazi, urithi, na utapiamlo.

Utapiamlo! Watu wetu, basi, walikuwa wameshalijibu swali la chakula kabla ya simu kuwaletea habari. Lakini je, wako sahihi?

Uji, kitoweo na ushahidi

Hapa inafaa twende polepole, maana kuna hoja nne tofauti na wengi huzikoroga katika chungu kimoja.

Hoja ya kwanza: upo ugonjwa ambapo chakula cha utotoni huamua kila kitu. Mwaka 1934, mama mmoja wa Norway mwenye watoto wawili waliodumaa akili aliwapeleka kwa Asbjørn Følling. Mama huyo hakuchoka kusema kwamba watoto wake wanatoa harufu ngeni. Følling alipima mikojo yao, akagundua kwamba miili yao haiwezi kuvunjavunja sehemu moja ya protini. Ugonjwa huo, fenilketonuria, ni wa kurithi na ni wa nadra. Usipotibiwa, huharibu ubongo, na baadhi ya watoto huonyesha tabia za kiusonji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Horst Bickel na wenzake wa Birmingham walionyesha kwamba mtoto akipewa chakula kisicho na protini hiyo nyingi, hali hubadilika. Leo, mtoto anayegunduliwa siku za mwanzo hukua vizuri. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba chakula na akili havijuani. Lakini hata hapa, aliyeanza kuona tatizo ni mama, na aliyeleta tatizo ni urithi.

Hoja ya pili: njaa ya utotoni huacha alama za kudumu. Katika kisiwa cha Barbados, Janina Galler na wenzake waliwafuatilia watoto 129 waliozaliwa kati ya 1967 na 1972, ambao waliugua utapiamlo mkali katika mwaka wao wa kwanza kisha wakatibiwa na kulishwa vizuri. Waliwalinganisha na wenzao 129 wa darasani. Miili ilirudi. Umakini haukurudi. Walipofika miaka 40, bado walisumbuliwa na matatizo ya umakini, na walikuwa na ukunjufu mdogo wa kuchangamana na watu. Huo si usonji, na watafiti hawakuuita usonji. Lakini kwa mtazamaji wa haraka mtaani, mtu mzima asiyemakinika wala kuchangamka anaweza kubandikwa jina lolote.

Hoja ya tatu inahusu mimba. Norway iliwaandikisha kina mama wajawazito kwa maelfu kuanzia 1999. Taarifa ya mwaka 2013 kuhusu watoto 85,176 ilionyesha kwamba wale ambao mama zao walitumia foliki asidi karibu na wakati wa kutunga mimba walikuwa na usonji wa aina kali kwa kiwango kidogo kuliko wengine. Jambo hilo linatia moyo, ila halithibitishi kwamba foliki ndiyo iliyofanya kazi. Huenda mama anayekumbuka vidonge ana mengine mengi mazuri. Hata hivyo, foliki ina faida nyingine iliyothibitishwa vizuri tangu 1991, ya kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Kenya ililazimisha unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe virutubishi mwaka 2012, foliki ikiwa mojawapo. Unga wa kusaga kwenye posho mill ya mtaani haupitii utaratibu wa viwandani, na ndio unaopikia sima na uji katika nyumba nyingi za Kisauni na Likoni.

Hoja ya nne ndiyo inayopindua meza. Huko Bristol, Uingereza, watoto waliozaliwa miaka ya 1991 na 1992 walifuatiliwa kwa dodoso tangu uchanga. Mwaka 2010 Alan Emond na wenzake walirudi kwenye majibu ya zamani na kuwatazama watoto 79 ambao baadaye walithibitishwa kuwa na usonji, wakawalinganisha na wengine 12,901. Waligundua kwamba tangu miezi 6 watoto hao 79 walikuwa wazito wa kula na wagumu kupokea vyakula vigumu. Kufikia miezi 15 walikuwa wakichagua sana chakula. Hayo yote yalitokea kabla mtu yeyote hajalitaja neno usonji. Na hata hivyo, urefu na uzito wao haukuwa nyuma ya wenzao.

Unaona kilichopinduka, msomaji? Tulidhani mama alimlisha mtoto vibaya, ndipo usonji ukaja. Ushahidi huu unaonyesha kwamba usonji ulikuwepo tayari, ndio ukafanya mtoto akatae mchuzi, akatae samaki, atake wali mweupe tu usioguswa na tui. Mama hakuchagua mlo huo. Mtoto ndiye aliyechagua, kwa sababu harufu, ugumu au rangi ya chakula vilimsumbua kuliko tunavyoweza kudhani. Kanner aliliona jambo hili mwaka 1943, lakini wasomaji wake waliangalia uso wa mama.

Mkate, maziwa na kile kisicho sahanini

Kwa sababu hoja hizi huchanganywa, biashara imezaliwa. Wazazi huambiwa waondoe ngano na maziwa, mtoto atapona. Fikiria nyumba ya kawaida ya pwani: ondoa mahamri, chapati, mkate na chai ya maziwa. Mtoto anayekula vyakula vitano tu atabakiwa na vingapi? Majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu kuhusu mlo huo yamekuwa madogo. Mojawapo, la Marekani lililochapishwa 2016, lilikuwa na watoto 14 na halikuona faida yoyote. Mtoto mwenye tatizo la tumbo lililothibitishwa na daktari ni habari nyingine. Kwa wengine, hatari iliyo karibu ni mifupa dhaifu na upungufu wa damu.

Na wakati tunabishana kuhusu chapati, bara ya Mombasa ina kisa chake kikubwa cha kitu kilichoingia midomoni mwa watoto. Katika kijiji cha Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka 2007. Vumbi la risasi liliangukia mapaa, mchanga na maji hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mtoto anayetambaa hutia mikono kinywani mara ngapi kwa siku? Risasi huharibu ubongo unaokua, hupunguza akili na umakini. Tena mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi nyingi zaidi kuliko aliyeshiba vizuri. Hapo ndipo lishe na sumu hukutana. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Kisa hicho kinatufunza jambo. Huko nyuma mtoto wa Owino Uhuru aliyedhoofika angeitwa wa chirwa, na wazazi wake wangetafuta dhambi yao ndani ya nyumba, ilhali jibu lilikuwa likitoka kwenye dohani.

Kazi ya neno

Turudi kwenye sarufi. Kiswahili kina kauli za kutosha kulisema jambo hili kwa haki. Kusababisha ni kauli ya kutendesha: kinasimama kitu kimoja na kukisukuma kingine. Kuhusiana ni kauli ya kutendana: vitu viwili vinaandamana, wala hatujajua nani kamtangulia mwenzake. Tafiti nyingi za chakula na usonji zinasema kuhusiana. Magazeti, redio na mabango ya mitandaoni yanasema kusababisha. Viambishi hivyo viwili vinatosha kumtoa mama katika kundi la wanaosaidiwa na kumtia katika kundi la washtakiwa.

Na hapo ndipo neno usonji linapoonyesha thamani yake. Ni nomino ya hali, kama uzee au utoto. Tunasema mtoto ana usonji. Hatusemi amesonjiwa, na kwa hivyo hakuna pa kuuliza amesonjiwa na nani. Wanaoliona kuwa neno la semina na la Siku ya Usonji Duniani, ile ya Aprili 2 iliyoanza kuadhimishwa 2008, hawajaitazama kazi linayofanya mtaani. Limetupa njia ya kumtaja mtoto bila kumtafuta mkosaji.

Kwa mama wa Likoni anayevuka na feri kumpeleka mwanawe kliniki, ushahidi wa miaka 80 unasema hivi. Nyonyesha. Changanya uji kwa samaki, maharagwe, njugu na mchicha kadiri mfuko unavyoruhusu, maana njaa ya utotoni ina madhara yake hata bila usonji. Meza foliki unazopewa kliniki. Malaria isichezewe. Na mtoto akikataa chakula kila siku, akikataa pia kuitika jina lake, mpeleke apimwe mapema, umweleze daktari vyote viwili pamoja. Kukataa kwake kula ni dalili ya kuripotiwa, wala si kosa lako la kuungama.